Mkono wa sweta uliobaki kwenye sindano

Bukavu, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijaacha. Si mvua kubwa, ni ile nyembamba inayokaa. Ukungu umefunika ziwa lote, na kutoka hapa kwetu Cimpunda tunaona paa za jirani tu, na moshi wa makaa ukitafuta njia ya kupanda. Kuna baridi. Ungekuwa hapa ungesema ni siku nzuri ya biashara.

Mama Micheline, mke wangu Emérence Nsimire, mwaka mzima umetimia leo tangu Bwana alipokuita. Ilikuwa Alhamisi, saa nane za mchana. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako karibu na mlango, mahali penye mwanga, na kikapu cha uzi miguuni. Ulimwambia jirani kwamba kichwa kinakuuma. Nilipoitwa kazini nikashuka paa na kukimbia, nilikukuta umekwisha kulazwa kitandani, na mikono yako imetulia. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa sikuwahi kuona mikono hiyo imetulia mchana.

Ninayekuandikia ni mimi, Jean-Baptiste Mugisho, mume wako. Nimeandika mwenyewe. Mwalimu Ornella wa masomo ya jioni amesahihisha makosa, lakini maneno hakuyagusa. Aliniambia: “Papa, makosa tutatoa. Maneno iko yako.” Watoto wako wamekaa hapa mezani wananikumbusha mambo ninayosahau. Na ndugu wote watakaosoma karatasi hii kwenye ubao wa parokia, tunataka wakufahamu jinsi ulivyokuwa.

Ulikuwa mfumaji. Watu wa hapa wanaziita sweta mipira ya baridi, na yako ilijulikana. Pale soko la Nyawera mama mmoja muuza nguo alikuwa akishika sweta bila kuitazama, anafunga macho, anasema: “Hii ni ya Mama Micheline.” Hakukosea hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyefuma kama wewe. Wengine walifuma kitambaa laini kama kilichotoka kwenye mashine. Wewe ulitaka kitambaa kiwe na milima na mabonde, kidole kipite juu yake na kupata habari.

Kila ulichokiona ulikijaribu kwa sindano. Ulikuwa na mtindo wa mchele, punje ndogondogo zilizojaa. Ulikuwa na maharagwe, yale mavimbe manene ambayo wajukuu waliyatafuna. Ulikuwa na nyumba ya nyuki, na matuta, ambayo uliyaleta kutoka shamba la mama yako Walungu. Kwa kila mtindo ulioupata ulifuma kipande kidogo cha ukubwa wa kiganja, ukakifunga pamoja na vingine kwenye kamba. Kamba hiyo bado inaning'inia kwenye msumari wake. Vipande ni sitini na vitatu. Micheline amevihesabu jana.

Nakumbuka Jumapili moja tulipokuwa tukipanda kutoka misani. Ulikuwa kimya njia nzima, midomo inacheza. Nikafikiri unasali. Nikakuuliza:

“Mama Micheline, leo padri alisema nini? Miye nilisinzia kidogo.”

“Hata miye sijue.”

“Ulisinzia?”

“Sikusinzia. Nilikuwa ndani ya nywele ya ule mama wa kwaya. Umeona alivyosuka? Tatu zinapita chini, moya inarudi juu.”

Ulifika nyumbani, hukuvua hata viatu vya misa, ukashika sindano. Jioni msuko wa yule mama wa kwaya ulikuwa umekwisha, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa imeungua. Tulikula mkate na chai. Ulimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya misa, na mimi uliniomba msamaha kwa ajili ya sombe, lakini ulikuwa unacheka.

Watoto wa mtaa hawatakusahau kwa sababu ya sweta za shule. Zote ni za buluu, zote zinafanana, na kila juma zilikuwa zinapotea na watoto wanapigana. Wewe ulipata dawa. Ndani ya mkunjo wa kila mkono ulimfumia kila mtoto alama yake, huyu mchele, huyu maharagwe, huyu matuta mawili na msuko mmoja. Mtoto aliingiza kidole tu, akajua sweta ni yake. Hata wadogo ambao hawakuwa wamefundishwa kuandika jina lao walikuwa na jina pale mkononi.

Hata mimi niliweza kuyasoma majina hayo. Naliandika jambo hili bila aibu sasa, kwa sababu wewe ndiwe uliyeniondolea aibu. Mimi ni fundi wa mabati. Nimefunika nyumba nyingi za Kadutu na Ibanda, lakini shule sikuingia. Wewe ulifika mwaka wa tano wa shule ya msingi, kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili ulinisomea sala kutoka kitabu cha sala, nami nilijibu “Amina” mahali palipotakiwa. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo inatosha. Kisha siku moja nilishika sweta ya mtoto wa jirani, nikagusa mkunjo, nikasema: “Hii ni ya Bahati.” Ukaniangalia sana.

“Papa Micheline, kidole yako inajua mchele na maharagwe. Jicho yako itashindwa na herufi?”

“Mimi nimezeeka.”

“Herufi hazitaulizia miaka yako.”

Ndivyo nilivyoingia masomo ya jioni ya parokia, nikiwa na miaka hamsini na sita. Hukujua mambo yote yaliyonipata huko, kwa sababu mengine nilikuficha. Nilikaa kwenye benchi fupi, magoti yananigusa kidevu. Siku Mwalimu alipoandika sentensi ubaoni na kuniambia nisome, mama mmoja muuza ndizi aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti: “Mungu wangu, ule papa anagonga herufi kama misumari!” Wote walicheka, na mama yule naye hakuwa na ubaya. Lakini niliacha. Ulinirudisha. Baada ya miezi mitatu niliacha tena, nikasema mvua, nikasema kazi, nikasema mgongo.

Ndipo ulipoanza sweta yangu.

Miaka yote hiyo sikuwa na sweta iliyofumwa na wewe. Kila uliponifumia moja, mtu mwenye baridi zaidi alipita mlangoni, ukampa. Sikulalamika, nilijua nimeoa nani. Safari hii uliapa kwamba hii haitatoka. Ulichagua uzi wa kijivu, na mtindo hukuuchukua shambani wala kwenye nywele za mtu. Uliniuliza: “Bati moya iko na migongo ngapi?” Nikakuambia kumi na moja, yale ninayotumia. Ukafuma kifua cha sweta chenye migongo kumi na moja na mabonde kati yake, yamenyooka kutoka shingoni mpaka kiunoni, kama bati lililopangwa vizuri. Nilipita kidole pale, Emérence. Ilikuwa kazi yangu, ila laini.

Mkono wa kulia ukaisha. Mkono wa kushoto ulianzia begani, ukishuka kuelekea kiganja. Siku ulipofika kiwiko, mimi nilikuwa sijaenda darasani majuma mawili. Ukaweka sindano chini.

“Papa Micheline, tufanye patano. Mupira yako imebaki mukono moya. Siku utanisomea sala ya jioni, kuanzia juu mpaka Amina, bila kusimama, siku ile nitaifunga.”

“Na kama sitaweza?”

“Utavaa mupira ya mukono moya.”

“Batu batanicheka!”

“Bacheke. Ndipo utasoma mbio.”

Nilirudi darasani kesho yake. Kutoka siku hiyo niliona jambo ambalo sikulielewa. Nilirudi nyumbani jioni nikakuta mkono umefika karibu na kiganja. Juma lililofuata ulikuwa umerudi kwenye kiwiko. Nikakuuliza mbona mkono unakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepotea njia. Ulisema: “Mutindo haijanipendeza. Niko najaribu ingine.” Nikakuamini, kwa sababu hilo ndilo ulilofanya siku zote, kujaribu.

Ninaomba niandike sasa juu ya Jumatano ile, siku moja kabla ya kifo chako. Nimeisali sana siku hiyo. Nimeipeleka kwenye kitubio, na paroko amenisikiliza kwa upole.

Saa kumi na mbili ulinipa kitabu. Nilianza kusoma. Nilipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na niliona midomo yako inafuata yangu. Katikati ya ukurasa kuna neno refu. Nililianza mara tatu nikakwama. Nikakuangalia unisaidie. Hukunisaidia. Ulikaa na sindano mikononi, unangoja, uso wako hauna haraka wala hasira. Lakini mimi nilikasirika. Nilifunga kitabu nikasema: “Kesho.”

Ulijibu: “Haya, kesho.”

Hatukupata kesho.

Baada ya mazishi, akina mama waliokuja kutusaidia walitaka kutoa sindano kwenye ule mkono na kukunja uzi. Nilikataa. Nilichukua kikapu chote jinsi kilivyokuwa nikakiweka juu ya kabati. Nilifikiri hivi: kama mkono haujafungwa, basi kazi yako haijaisha, na mtu ambaye kazi yake haijaisha ni kama ametoka kidogo tu, amekwenda Nyawera kutafuta uzi, atarudi. Najua hii si imani ya Kikristo sawasawa. Nimeandika tu jinsi ilivyokuwa.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku nne mfululizo na hatukuweza kupanda paa. Nilikuwa peke yangu nyumbani mchana. Nilishusha kikapu. Sindano zako ni za chuma, na hewa ya hapa ni ya maji, nikaogopa zitashika kutu ndani ya uzi. Kwa hiyo niliona ni vizuri kuzisogeza kidogo. Na kuzisogeza ni lazima ufume. Nilikuwa nimekuangalia miaka thelathini na miwili, nikajua mwendo wake kama mtu anavyojua wimbo ambao hajawahi kuuimba. Mstari wa kwanza ulinichukua saa nzima. Nilipoumaliza nilihisi umekaa karibu. Nikarudisha kikapu juu ya kabati, nikamshukuru Mungu, na sikumwambia mtu. Kila siku ya mvua hiyo nilifuma tena, na tangu hapo kila mvua iliponizuia kupanda paa.

Majuma matatu yaliyopita tulikusanyika nyumbani, Jumapili baada ya misa, kutayarisha kumbukumbu hii. Katika jamaa yetu, siku ya mwaka, vyombo vya kazi vya marehemu vinapewa yule atakayevitumia. Sindano zako ni za Micheline, kila mtu analijua hilo. Tukamwita Maman Bintu, rafiki yako mliyefuma naye barazani, ili atoe ile kazi kwenye sindano bila kuiharibu. Alishusha kikapu. Akashika sweta mabegani akaisimamisha.

Mkono wa kushoto ulianguka. Ukapita kiganja, ukapita goti, ncha yake ikagusa sakafu.

Maman Bintu akaangalia juu, akaangalia chini.

“Yesu Maria! Hii iko ya kuvaa ao ya kufungia ngombe?”

Mimi niliangalia dirisha. Parfait, kijana wetu motari wa pikipiki, ambaye unajua hawezi kunyamaza dakika mbili, aliangalia viatu vyake. Micheline alianza kufunga kitambaa cha kichwa ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri.

Maman Bintu alivaa miwani, akakaa kwenye kiti chako, akautandaza ule mkono magotini. Akaanza kuusoma kwa kidole, kutoka begani akishuka polepole.

“Hapa iko Emérence. Hapa, Emérence. Mukono yake kabisa, sawasawa, haikazi, hailegei.” Kidole kilishuka, kikapita kiwiko, kikashuka tena. Kikasimama vidole vinne juu ya kiganja. “Hapa ndipo alisimama.”

Tulisimama wote. Mwaka mzima hatukujua mahali hasa ulipoachia. Micheline alipiga magoti akagusa mstari ule.

Maman Bintu akaendelea, na sauti yake ikabadilika.

“Sasa hapa kuko mutu alikuya. Anakaza uzi kama anafunga bati juu ya upepo.” Akaniangalia juu ya miwani. “Na bati yenyewe ameigeuza! Angalieni. Migongo imekuwa mabonde, mabonde imekuwa migongo. Papa Jean-Baptiste! Miaka yote uko juu ya nyumba za batu, na bati ya bibi yako unaipanga kinyume? Mvua itakuingia mu mukono!”

Parfait alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe alijimaliza mwenyewe.

“Weye unacheka? Na hii mistari inalegea, inakwenda kushoto inakwenda kuume kama pikipiki inakwepa mashimo, ni ya motari gani?”

“Maman Bintu, miye nilitaka tu sindano isishike kutu!”

“Hata miye!” Micheline alisema. “Kila Jumapili nilikuwa naogopa ile kutu.”

“Na miye,” nikasema. “Ilikuwa kutu.”

Tuliangaliana, sisi watatu. Emérence, tulicheka kama ambavyo hatukucheka tangu ulipotuacha. Mwaka mzima kila mmoja alipanda juu ya kiti, akashusha kikapu, akafuma mistari yake kwa siri, na hakuna aliyeona kwamba mkono unazidi kurefuka. Kila mmoja alidhani urefu wote ule ni wako.

Lakini Maman Bintu hakuwa amemaliza. Alirudi juu, kwenye sehemu ya kiwiko, akavuta uzi kidogo kwa kucha.

“Papa Jean-Baptiste, kuya uone. Gusa hapa, ku kifua. Uzi iko nzima, iko nene. Sasa gusa hapa ku mukono.”

Niligusa. Uzi wa mkono ulikuwa mwembamba, umechakaa, umejikunja kama nywele zilizofumuliwa.

“Hii uzi imefumuliwa hata mara kumi. Anafuma, anafumua, anafuma, anafumua.”

“Alikuwa anajaribu mitindo,” nikasema.

“Mitindo gani? Mutindo iko moya tu, bati. Munanibishia miye nilikaa naye kila siku? Nilimwambia: Emérence, maliza basi hii mukono, muzee avae. Akaniambia: nikimaliza mbele yake, atasikia haya. Wacha nimungoje.”

Mke wangu, nilitoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa. Ulikuwa unanifumulia. Kila nilipoacha darasa ulirudi nyuma ili nisijikute peke yangu huko nyuma. Nilikwambia mvua, nikakwambia mgongo, nawe ulifumua kazi ya siku nzima bila kuninung'unikia. Na sisi, baada yako, tukafuma na kufuma ili usiende. Mungu peke yake ndiye anayejua ni upendo gani alioutia katika nyumba hii ndogo. Nimemshukuru, na nimemlilia pia.

Niliporudi ndani walinivalisha. Waliushikiza kwa pini ubavu wa mkono, ambao ulikuwa haujashonwa, Maman Bintu akapima mpaka kwenye kiganja, akatia alama, akaanza kufumua kutoka chini. Uzi ulikuwa unatoka, na Parfait anausindikiza kwa macho.

“Ile ni yangu! Maman Bintu, ile ni yangu! Na ile!”

“Ni yako, na imekwisha kwenda.”

“Hata moya hamunibakishii?”

“Utamubakishia mama yako sala. Mistari, hapana.”

Alipofika kwenye alama alisimama, akarudisha vitanzi kwenye sindano. Ilibaki kazi yako, na chini yake vidole vinne vya kazi yangu, bati lililogeuzwa. Micheline alisema anaweza kufumua hivyo vidole vinne pia na kuvifuma vizuri, hakuna atakayejua. Maman Bintu alikataa kabla yangu. “Wacha. Emérence akiiona, atajua iko ya nani.”

Kisha Micheline alishika sindano ili afunge mkono, na mimi nikamzuia. Nikawaeleza patano letu. Hawakulijua. Walidhani sweta ilibaki tu kama vitu vinavyobaki mtu akifa. Niliwaambia kwamba mkono huo una sharti lake, na sharti halikuvunjwa na kifo, kwa sababu hakuna kati yetu wawili aliyelivunja. Wewe ulingoja mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilisema kesho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kwa Mwalimu Ornella jioni tatu kwa juma. Ile sala naijua sasa. Lile neno refu nalijua pia, naweza kuliandika ubaoni, na yule mama muuza ndizi alinipigia makofi. Lakini kila ninapoisoma kwa sauti, nikifika pale katikati ya ukurasa nasimama na kufunga kitabu. Si neno linalonishinda tena. Ni kwamba hapo ndipo ulipokuwa unanitazama. Mpaka leo sijafika Amina hata mara moja.

Tunakukosa, Mama Micheline. Tunakukosa wakati wa mvua, na hapa mvua ni nyingi. Tunakosa midomo yako ikihesabu, na mkono wako uliokuwa ukituzuia tusikusalimie mpaka mstari uishe. Tunamkosa yule aliyekuwa akimtoa mtu baridi kabla hajamuuliza jina. Watoto waliozaliwa mtaani mwaka huu hawana kofia zako, na mama zao wananisimamisha njiani kunieleza hivyo, kana kwamba mimi ninaweza kufanya jambo. Nikiingia nyumbani bado napita upande wa kuume wa mlango, nisikanyage uzi.

Bwana Yesu, tunakuomba umpokee. Kama huko kwako kuna baridi, atakuwa amekwisha kuanza kazi. Kama hakuna, basi umpe kiti karibu na mlango, mahali penye mwanga.

Misa ya kumbukumbu itasomwa leo saa nne katika parokia yetu. Jioni saa kumi na mbili, saa yetu ya sala, wote wa shirika letu, jumuiya ndogo ya parokia, wanakaribishwa nyumbani Cimpunda.

Tunaokukumbuka ni mimi mume wako Jean-Baptiste, binti yako Micheline na mume wake Lucien, mwana wako Parfait, wajukuu wako wanne, mama yako mzazi kule Walungu ambaye magoti hayakumruhusu kushuka, dada yako Françoise, na Maman Bintu, ambaye amesema aandikwe kati ya ndugu. Siku zote tutakazopewa, jina lako halitatoka midomoni mwetu.

Jana jioni, mbele ya Micheline, Parfait, Maman Bintu na Mwalimu Ornella, nilisimama katikati ya nyumba, nikainua mkono wa kuume, nikaahidi kwa sauti. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema, ili na wewe uwe shahidi:

“Kesho saa kumi na mbili nitavaa sweta ya Emérence, mukono wa kushoto ukiwa bado kwenye sindano. Nitasoma sala ya jioni kuanzia juu. Mtu asinisaidie neno, kama yeye asivyonisaidia. Nikisimama, nitarudi juu nianze tena, hata chakula kipoe, hata wageni waende. Siku nitakaposema Amina itakuwa kesho, haitakuwa siku nyingine. Na hapo, Micheline, utafunga.”

Maman Bintu aliniuliza: “Na ukilia, Papa?”

Nikamjibu: “Nitalia nikisoma. Patano lilikuwa kutosimama.”